Matope ya Lorian

Nguzo ya matope ilitoka ardhini ikiwa kavu kama mkate wa juzi. Leshoomo alizima mtambo wa kuchimbia, akaifuta nguzo kwa kitambaa, kisha akailaza polepole kwenye kitanda cha chuma nyuma ya gari. Ilikuwa na urefu wa mita sita na unene wa mkono wa mtu mzima. Ndani yake mlikuwa na miaka elfu moja ya mto Ewaso Nyiro, tabaka juu ya tabaka, na kazi ya Daktari Diramu Halake ilikuwa kuisoma.

Leshoomo aliisogeza mashine juu ya nguzo. Wafanyakazi wa Mamlaka ya Bonde waliiita Msomi. Ilikuwa kisanduku kidogo kama redio, chenye jicho la mwanga wa buluu. Jicho hilo lilipita juu ya matope likikagua kila punje: ilionwa na jua mara ya mwisho lini, ililetwa na upepo au na maji, na kama ni maji, yalikaa hapo msimu mmoja au mwaka mzima. Ilichukua dakika arobaini. Kisha tarakimu zikatokea kwenye kioo.

Mia mbili na kumi na mbili.

"Soma tena," Diramu alisema.

"Daktari, nimesoma mara tatu," Leshoomo alijibu. Alikuwa mchimbaji wake kwa miaka tisa, Msamburu mrefu asiyependa maneno mengi. "Hata tukisoma mpaka jioni, matope ni yaleyale."

"Soma tena, ndugu yangu."

Alisoma tena. Mia mbili na kumi na mbili. Maana yake ni kwamba, katika miaka elfu iliyopita, mto ulikuwa umefika hapa Lorian miaka mia mbili na kumi na miwili tu. Sheria ilitaka mia tano.

Hiyo ndiyo Sheria ya Mkondo. Kabla yake watu wa bonde hili walikuwa wameuana miaka mingi, kila upande ukidai kwamba mto ni wake na wengine ni wageni. Mwishowe ikaamuliwa kwamba viongozi wanyamaze na matope yaulizwe, kwa sababu matope hayana kabila. Mahali palipofikiwa na mto kwa miaka mia tano au zaidi kati ya elfu palihesabiwa kuwa mtoni, na wakazi wake wakapewa fungu la maji. Mahali ambapo mto haukufika kiasi hicho palifutwa kwenye ramani ya maji, na watu wake wakapakiwa kwenye malori. Diramu alikuwa ameitetea sheria hiyo kwenye mikutano. Alikuwa amewaambia watu wanaolia kwamba ukweli hauna upendeleo.

Sasa alisimama katikati ya uwanda wa vumbi jeupe ambao zamani ulikuwa kinamasi chenye viboko, akatazama moshi wa majiko uliokuwa ukipanda umbali wa kilomita nne. Hapo palikuwa Malka Roba, kijiji chenye kaya mia tatu na kumi na mbili. Mojawapo ya majiko hayo lilikuwa la mama yake.

*

Mama yake, Kabale, alimpokea bintiye kwa maziwa ya ngamia badala ya chai.

"Siku hizi chai haipikiki," alisema. "Maji ya kisima ukiyachemsha na maziwa, maziwa yanakatika. Chumvi imeingia mpaka chini."

Diramu alikunywa. Mama alikaa mbele yake juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, akimwangalia usoni kama mtu anayesoma barua.

"Matope yamesemaje?"

"Bado tunasoma, Aayo, mama yangu."

"Mnasoma nini? Si mniulize mimi! Huu mto nimeuoga. Nikiwa msichana, maji yalileta mkuyu mzima, mizizi na kila kitu, na ndani ya mkuyu mna mzinga wa nyuki, na nyuki wako hai. Kaka yangu Jarso aliliwa na mamba pale penye ule mwinuko. Baba yako alipokuja kunichumbia alivuka akiwa ameshika mkia wa ng'ombe, akafika ng'ambo bila viatu. Aliposa bila viatu! Hayo matope yenu hayana habari hiyo?"

Habari hiyo ilikuwemo. Msomi ilikuwa imeiona: tabaka jembamba la udongo wa kahawia karibu na juu, sentimita kumi na tisa, miaka ya mvua kubwa ambayo ilimkuta mama yake akiwa msichana. Chini ya hapo palikuwa na mchanga wa upepo, mchanga, mchanga, kisha udongo kidogo, kisha mchanga tena.

Aliujua mto huu kama mtu anavyomjua ndugu. Aliwahi kuufuata kwa miguu kutoka mwanzo. Ulianza kwa vijito vya Mlima Kenya, Naro Moru na Nanyuki na Timau, ukapokea Ewaso Narok kutoka upande wa Nyahururu, ukaenda kaskazini kana kwamba unalifuata jangwa kwa makusudi, kisha Archer's Post ukageuka mashariki katikati ya mikoma. Ukaruka maporomoko, ukapita Merti, na hapa Lorian ukafa. Wazungu wa kwanza waliosikia habari za Lorian walidhani ni ziwa kubwa, wakatembea miezi kulitafuta, wakakuta tope na mbu. Zaidi ya hapo palikuwa na bonde kavu linaloelekea Somalia, ambalo maji hulipita mara moja katika kizazi. Wasemao Kimaa waliuita mto wa maji ya kahawia, kwa sababu ulibeba udongo wa milimani. Lakini barafu ya mlima ilikuwa imekwisha, na milango ya mabwawa ya Mamlaka ilizuia kila tone. Kwa miaka thelathini na moja hakuna maji yaliyofika Malka Roba.

"Wakisema sisi si watu wa mto," Kabale alisema polepole, "baba yako pale kaburini ni mtu wa wapi?"

"Hawajasema, Aayo."

"Wewe ndiye unayesema. Si ndiyo kazi yako?"

*

Kwenye gari palikuwa na nguzo nyingine. Walikuwa wameichimba Merti siku tatu kabla, kwa ajili ya kulinganisha tu, kwani fungu la Merti lilikwisha kuamuliwa zamani. Merti ilikuwa na udongo mzito wa mfinyanzi, na Msomi ilikuwa imeipa miaka mia sita sabini na mmoja.

Kila nguzo ilifungwa pete ya chuma iliyobeba jina la mahali ilipotoka. Pete ikishafungwa, haikuweza kuandikwa upya ila kwa vidole gumba viwili kwa pamoja, cha mchimbaji na cha msomaji, endapo pangetokea kosa. Katika miaka tisa Diramu na Leshoomo hawakuwahi kuandika upya hata pete moja.

Diramu alisimamisha gari chini ya mgunga, akazima injini. Alieleza bila kuzunguka. Leshoomo alisikiliza akiwa anaangalia mbele.

"Unajua unaniomba nini?" aliuliza.

"Najua."

"Maji hayo utakayowapa watayatoa kwa nani?"

"Watapunguza kidogo kidogo kila mahali. Hawatanyang'anya mtu mmoja."

"Unaamini hivyo?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Diramu hakumwambia. Kule Nanyuki, kwenye makao ya Mamlaka, mashine ya kugawa maji iliyoitwa Mizani ilitumia nguzo hiyohiyo iliyoamua historia kukadiria pia jinsi mkondo unavyokunywa maji. Mfinyanzi huyabeba, mchanga huyameza. Diramu alijiambia kwamba bonde ni moja, tofauti haiwezi kuwa kubwa sana. Alikuwa amefundisha wanafunzi kwa miaka mitano kwamba hivyo sivyo.

Leshoomo alishuka garini, akazunguka nyuma, akafungua mlango.

"Mama yangu alihamishwa kutoka kijiji chetu sheria hii ilipoanza," alisema. "Alipelekwa penye bomba, na zahanati, na kila kitu. Akafa mwaka uleule, na hakuwa mgonjwa." Aliweka kidole gumba juu ya pete, akasubiri cha Diramu. Pete ikawaka kijani, kisha ya pili, Merti ikawa Lorian na Lorian ikawa Merti.

"Ahsante," Diramu alisema.

"Usinishukuru kwa hili."

*

Wakiwa njiani kurudi Nanyuki, gari lilipata pancha mbili karibu na Archer's Post, wakalazimika kungoja katika makazi ya Pwani Mpya.

Watu elfu arobaini waliishi hapo, karibu wote wakiwa watu wa Lamu, Pate na Siyu ambao visiwa vyao vilikuwa vimekwenda chini ya bahari. Walijengewa nyumba za matofali ya udongo kando ya mto, wakapewa kile ambacho sheria iliita fungu la hisani. Matope hayakuwa na neno lolote juu yao, wala wao hawakuwa na historia yoyote katika mto huu. Waliishi kwa huruma ya Mamlaka, lita ishirini kwa mtu kwa siku.

Mwenyekiti wa kamati yao ya maji, Mwanakheri Shekuwe, aliwakaribisha nyumbani kwake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, amejifunga leso mbili kiunoni kwa ajili ya kazi. Mumewe, Mwalimu Famau, alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ukumbini. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alipelekwa zahanati kusafishwa damu kwa mashine.

"Hiyo mashine inakunywa kuliko ngamia," Mwalimu Famau alisema, akicheka kwa shida. "Lita mia na ishirini kila nikikaa. Naona haya. Mke wangu anawapimia watu maji kwa kikombe, mimi namaliza pipa."

"Ona haya kwa mengine, si kwa hilo," Mwanakheri alimkatiza. Akawamiminia wageni kahawa ya tangawizi, kikombe kidogo kidogo, akaweka na kaimati mbili kila mmoja. "Daktari, wewe ni mtu wa matope. Hebu niambie kwa haki ya Mungu. Tunasikia mnapima kule mwisho wa mto. Mkikuta watu wa kule wana haki yao, sisi tutapunguziwa?"

Diramu alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Sijui, dada yangu. Mashine ndiyo inayosema."

"Kama wana haki yao, wapewe," Mwalimu Famau alisema kutoka kitandani. "Nani atakataa? Mimi nimetoka mahali ambapo maji yalituzidi, wao wako mahali ambapo yamewakimbia. Sote tumeonewa na maji. Lakini mtu apewe kilicho chake kweli."

Leshoomo aliweka kikombe chini, akatoka nje kuangalia magurudumu. Kaimati zake zilibaki kwenye sahani.

Nguzo zilikuwa bado garini. Pete zingeweza kurudishwa. Diramu aliaga, akaingia garini, wakaendelea mpaka Nanyuki bila kuzigusa.

*

Mkurugenzi wa Bonde, Bwana Kirinya, aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Mia sita sabini na mmoja," alisema. "Nilidhani Lorian haifiki hata mia tatu. Haya. Matope yamesema." Alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililomchoma Diramu kuliko kama angekuwa mla rushwa. "Mizani imeshapiga hesabu. Tutafungua milango kwa siku ishirini na moja. Mkondo ni mfinyanzi, hautapoteza mengi, kwa hiyo hatuhitaji maji mengi sana."

"Yatatoka wapi?"

"Wenye haki ya historia hawaguswi, unajua sheria. Yatatoka kwenye fungu la hisani. Pwani Mpya watashuka kutoka lita ishirini mpaka nane."

"Nane? Bwana Kirinya, pale kuna zahanati."

"Nimeona. Nimeandika barua mbili kuomba nyongeza." Alivua miwani. "Ungependa nifanyeje, Daktari? Nipindishe vipimo?"

Diramu alisema hapana. Akatia sahihi.

*

Aliomba likizo, akaenda Malka Roba kuyangoja maji pamoja na mama yake. Leshoomo alimwendesha. Kijiji kilikuwa kimepaka kuta chokaa. Wanawake walikuwa wamefagia sakafu ya mto kavu, kwa mafagio, wakiondoa miiba na mifupa ya mbuzi, kana kwamba mto ni mgeni atakayekanyaga bila viatu. Kabale alikuwa amevaa shanga zake zote.

Siku ya kumi na nne tangu milango ifunguliwe, Diramu na Leshoomo walipanda gari kuyafuata maji yalikofikia. Waliyakuta chini ya Merti. Kichwa cha mto kilikuwa kinakuja polepole kuliko mtu anavyotembea, povu la kahawia limebeba mavi ya punda, majani ya mikoma, vijiti na nzige waliozama. Kilisukuma mbele yake harufu ya vumbi lililolowa. Watu wazima walitembea kando yake wakiimba, wengine wakilia.

Siku ya kumi na saba mfinyanzi uliisha, mchanga ukaanza.

Diramu alitembea kando ya kichwa cha mto tangu alfajiri. Saa tatu kilikuwa kinatambaa. Saa sita kilikuwa kinasukuma mita moja, kinasimama, mchanga unatoa vipovu, kisha kinasukuma nusu mita. Alipiga magoti akaweka kiganja kwenye mchanga mbele ya maji. Aliyahisi yakipita chini ya mkono wake, yakishuka moja kwa moja. Saa tisa hayakusogea tena. Nyuma yake maji yaliendelea kuja, na yote yalizama palepale, kama yanamiminwa kwenye chujio.

Leshoomo alisoma umbali kwenye chombo chake.

"Malka Roba ni kilomita kumi na moja."

"Zimebaki siku nne milango ifungwe."

"Daktari," Leshoomo alisema, "wewe ndiye uliyenifundisha. Huu mchanga una kina cha mita ngapi?"

Alijua kina chake. Ile nguzo ilisomwa mara nne kwa jicho la buluu. Miaka mia mbili na kumi na miwili haikuwa dharau ya mashine kwa watu wa mama yake. Mto wenyewe ndivyo ulivyokuwa: ulifika Lorian pale tu ulipokuwa na nguvu ya kuushibisha mchanga kwanza, na nguvu hiyo haukuwa nayo tena.

*

Simu ya Bwana Kirinya iliingia asubuhi ya pili, wakiwa kwenye uwanja wa kijiji.

"Maji yamesimama," alisema. "Hesabu zinasema hayakupaswa kusimama. Mizani inadhani kuna watu wanaiba njiani. Inapendekeza tuongeze mara tatu, kwa siku arobaini. Hapo yatafika kwenu. Nahitaji sahihi yako, wewe ndiye msomaji."

"Mara tatu kutoka wapi?"

"Pwani Mpya itafungwa, watatawanywa kwenye kambi za Laikipia. Pale hali ni mbaya tayari. Mto unalindwa, watu wamechota kwenye madimbwi, kipindupindu kimeingia. Tisa wamefariki. Na wale wa mashine ya damu, zahanati iliizima siku ya tano. Watatu wote." Akasita. "Unanisikia, Daktari? Mmoja alikuwa mwalimu, mkewe ni mwenyekiti wa kamati. Amenipigia simu mwenyewe. Hakutukana. Aliuliza kama maji yamewafikia wenyewe."

Diramu alisema atampigia baadaye. Alikata simu, akaketi chini pale alipokuwa. Mama yake, aliyekuwa amesikia kila kitu kwa kuwa sauti ya simu ilikuwa wazi, aliketi karibu naye.

"Mara tatu," Kabale alisema. "Hiyo itafika?"

"Itafika. Kwa mwaka huu. Mwakani mchanga utakuwa umekauka tena."

"Mwaka mmoja ni mwaka. Mimi nina miaka sabini na tisa, nahitaji mingapi?"

"Aayo, nilidanganya. Matope yalisema hapana. Nilibadilisha. Watu kumi na wawili wamekufa."

Kabale alizungusha ushanga mmoja kwa kidole.

"Nilikuomba udanganye?"

"Hapana."

"Sasa nakuomba. Wamekwisha kufa. Ukisema leo, watafufuka? Hawatafufuka. Ila sisi tutapandishwa malori. Baba yako atabaki peke yake hapa na fisi." Sauti yake ilikatika, kisha ikarudi ikiwa kavu. "Ulipodanganya hukuniuliza. Ukitaka kusema ukweli pia usiniulize. Lakini usije ukaniambia umefanya kwa ajili yangu. Lolote kati ya hayo mawili."

Leshoomo alikuwa ameegemea gari. Diramu alimwangalia.

"Kidole chako pia kimo," alimwambia. "Nikisema, nawe utashitakiwa. Naweza kusema nilikulazimisha."

"Sikulazimishwa." Alifungua mlango wa gari, akaleta kile kisanduku cha Msomi, akakiweka mapajani mwa Diramu. "Kila nikilala naona zile kaimati. Piga simu."

Alipiga. Bwana Kirinya alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mkurugenzi aliuliza swali moja tu, jina kamili la mchimbaji na namba ya pete. Milango ilifungwa saa hiyohiyo. Kilomita kumi na moja juu ya kijiji, maji yaliyokuwa yamebaki kwenye mchanga yalipungua siku hadi siku mpaka mchanga ukakauka, na waliokuwa wakiyangoja kandokando walirudi nyumbani na mitungi mitupu, wakimpita Diramu bila salamu.

*

Hukumu ilingojwa. Sahihi yake ilifutwa, na ya Leshoomo pia. Mpaka kesi isikilizwe Diramu hakuruhusiwa kutoka ndani ya bonde, na kwa kuwa hakuwa na makao mengine, aliandikwa pamoja na kaya za Malka Roba, kaya mia tatu na kumi na mbili zilizofutwa kwenye ramani ya maji siku ya Alhamisi.

Malori yalikuja Jumatatu. Kabale alikataa kusaidiwa kupanda. Alipanda mwenyewe, akageuza uso upande wa mbele, wala hakutazama nyuma vumbi lilipofunika kijiji. Kwa safari nzima alizungumza na majirani. Kwa binti yake hakusema hata neno.

Hakuna aliyewaambia wanapelekwa wapi mpaka walipoiona mikoma na nyumba za matofali ya udongo. Mamlaka haikuwa na mahali pengine penye nafasi. Fungu la Pwani Mpya lilikuwa limerudishwa kama lilivyokuwa, bila kuongezwa hata tone, na sasa liligawanywa kwa watu elfu mbili zaidi. Lita ishirini zikawa kumi na tisa.

Walipangwa foleni bombani na ndoo walizopewa. Mwanakheri Shekuwe ndiye aliyekuwa akipima. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda. Mwanamke wa eda hatakiwi kutoka nyumbani miezi minne na siku kumi, lakini wengine waliojua kupima walikuwa wamelazwa na kipindupindu au wamekufa nacho, na masheikh walikuwa wamemruhusu. Alipima kwa galoni ya alama, polepole, bila kumwaga, akiwakaribisha wageni mmoja mmoja.

Kabale alipofika mbele, Mwanakheri alimshika mkono.

"Pole na safari, mama yangu. Nyumba yenu ni ile ya tatu, mlango wa buluu. Hapa hamtalala na kiu."

"Mungu akulipe," Kabale alisema. Kisha akaona mavazi meupe. "Umefiwa na nani, binti yangu?"

"Mume wangu."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa," Mwanakheri alisema. "Lakini hakufa kwa ugonjwa."

Kabale aligeuka kumtazama binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma yake na ndoo mkononi. Akabaki hivyo mpaka walio nyuma wakaanza kunung'unika. Halafu akabeba maji yake na kwenda kuutafuta mlango wa buluu.

Diramu alisogea, akaweka ndoo chini ya bomba. Mwanakheri alimtambua. Mkono wake ulisimama juu ya koki, kisha ukaifungua. Maji ya kahawia yalijaa kwenye galoni mpaka kwenye alama, si juu yake wala chini yake, na yote yakamiminwa ndooni.

"Dada Mwanakheri," Diramu alianza, "nataka kukuambia kwamba..."

"Zamu yako ni lita kumi na tisa," Mwanakheri alisema. "Umezipata. Kuna watu nyuma yako."

"Naomba tu unisikilize."

"Songa, Daktari."

Diramu alibeba ndoo, akasonga.